Simu Iliyomkana Bwana Harusi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lenye mguu wa tofali, mbele ya jiko la chai la Bhura, pale mtaa wa mafundi shaba unapokunja kuelekea relini, hapa Moradabad. Nyundo zinalia kuanzia asubuhi, ndiyo maana sote tunaongea kwa kupayuka, na mgeni akipita hudhani tunagombana. Mara nyingi huwa hajakosea. Wakili anakaa upande wa jua. Hajasoma sheria hata ukurasa mmoja. Aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Injinia anakaa upande wa kivuli. Yeye alitengeneza redio ya kinyozi, ikapona, ila ikawa inashika stesheni moja tu, tena ya ng'ambo ya mpaka. Mimi nakaa katikati ili wasipigane. Nachonga nakshi kwenye mabirika, wananiita Kalamu kwa ajili ya kile kipatasi changu, na sikatai. Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya harusi ya mtaa, karakana nusu zimefungwa, na hawa wawili walikuwa wameshikana hata chai ya kwanza haijapoa. Wakili alikuwa amenunuliwa na binti yake simu inayofunguka kwa kidole. Injinia anayo inayofunguka kwa uso.

Wakili: Kidole ndiyo saini ya Mungu, bwana. Mahakamani ukishindwa kuandika wanakwambia nini? Weka dole gumba. Hawakwambii weka pua.

Injinia: Mahakama za zamani hizo. Uso una ramani. Simu inapima jicho hadi jicho, inateremka puani, inazunguka mashavu, inarudi. Wapima ardhi wangemaliza wiki, yenyewe inamaliza kabla hujapiga chafya.

Wakili: Na ukipiga chafya?

Injinia: Inasubiri. Ina adabu kuliko wewe.

Mimi: Nyie mnabishana bure. Mtaa huu nani ana alama za vidole? Wasugua shaba wote gurudumu limeshazila. Mimi mwenyewe vidole vyangu laini kama kijiko. Bhura alipokwenda kuandikisha kitambulisho, mashine ilisema hayupo.

Bhura: Na mimi nimeishikilia kwa mikono miwili.

Wakili: Mashine haikumkana Bhura. Ilisema ushahidi haujatosha. Kuna tofauti. Siku ya Kiyama mikono itasema, miguu itashuhudia. Mmesikia wapi uso umeitwa kutoa ushahidi?

Injinia: Kidole kinaibwa! Kidole hakina macho. Umelala zako, mkeo anakinyanyua taratibu, anakibandika, anasoma kila kitu, anakirudisha mahali pake. Asubuhi unaulizwa maswali na hujui siri imetokea wapi. Uso lazima ufumbue macho.

Wakili: Kumbe ulishafanyiwa.

Injinia: Naongea kitaalamu.

Wakili: Haya, mtaalamu. Mapacha wa Laddan je? Mmoja akiishika simu ya mwenzake?

Injinia: Hapo simu inamwonyesha picha ya mama mkwe. Uso wa mwenye mama mkwe utashtuka. Wa mwenzake hautashtuka. Imekwisha hiyo.

Bhura alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi nilikuwa nataka kuuliza simu imeipata wapi picha ya mama mkwe, lakini hapohapo tukamwona Furqan anakuja mbio kutoka uchochoroni, na swali likanitoka.

Sasa Furqan ndiye alikuwa bwana harusi. Kijana wa mtaa wetu, msugua shaba, amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, akalelewa na Shangazi Hamida baada ya mama yake kupooza miguu. Siku zote za singo Shangazi alimfungia ndani, asubuhi manjano na unga wa dengu, jioni manjano na unga wa dengu, na akamnyang'anya simu ili asipate jicho la watu. Tulikuwa hatujamwona. Alipotokea tuligeuka sote kumwangalia. Alikuwa amevaa suruali mpya ya harusi na fulana ya ndani, uso unameta kama birika lililotoka kung'arishwa, nyusi zimechongwa, na masharubu hakuna.

Injinia: Huyu nani?

Furqan: Ami, acha utani, nimekwisha.

Wakili: Aa, ni Furqan! Sauti ni yake. Wee mtoto, masharubu umempa nani?

Furqan: Kinyozi amenyoa asubuhi, Shangazi kaamuru. Ami Injinia, nakuomba kwa jina la Mungu, nifungulie simu. Shangazi kanirudishia sasa hivi, na hainijui. Naiangalia, inatikisa kufuli. Naiangalia tena, inatikisa kufuli. Farasi wa kunipeleka harusini yuko njiani!

Mimi: Simu ya nini saa hii? Nenda kavae.

Akainama, akashusha sauti, yaani akapayuka kidogo.

Furqan: Shagufta ameniandikia.

Benchi zima likasogea. Shagufta ndiye bibi harusi, binti wa Haji Mubin wa Amroha, na kwa desturi yetu hao wawili hawatakiwi kuzungumza mpaka ndoa ifungwe. Lakini shemeji wa huyo msichana alikuwa amempenyezea Furqan namba, wakawa wanaandikiana kwa kuibia. Haji Mubin hakupaswa kujua hata kidogo. Haji Mubin ni mtu ambaye akiingia msikitini hata paka wa pale anakaa vizuri.

Furqan akatuonyesha kioo cha simu. Ujumbe ulikuwa umejitokeza juu ya kufuli, mstari mmoja tu, halafu umekatika: «Kabla hujapanda farasi nijibu hili moja, nalo nijibu kweli, maana nimeshindwa kulala. Kwenye…»

Wakili: Kwenye nini?

Furqan: Ningejua ningekuja hapa?

Injinia: Weka namba ya siri basi.

Furqan: Siikumbuki. Siku ile niliweka namba yoyote tu. Nilisema, ya nini kuikariri? Mtu anapotezaje uso?

Wakili: Mteja wangu amejieleza vizuri.

Mimi: Mpigie kwa simu ya Bhura.

Furqan: Namba yake imo humu ndani, Ami Kalamu. Shemeji yake naye namba yake imo humu ndani. Aliyebaki ni baba yake. Nimpigie Haji Mubin nimwambie, samahani mzee, niitie binti yako ana swali langu?

Bhura akamimina chai, akampa bwana harusi glasi ya kwanza bila kuulizwa. Mimi nilimwangalia yule kijana, nikamhurumia kweli. Anampenda. Ameshamwona mara moja tu, kwenye sebule ya Haji Mubin, dakika za kunywa sharubati, wazee kumi wamekaa kati yao. Lakini anampenda, kila mtu aliyefanya kazi naye anajua, maana tangu siku ile anasugua sinia huku anaimba.

Wakili: Tuanze na ushahidi uliopo. «Kwenye.» Neno zito hilo. Kwenye nyumba yenu kuna vyumba vingapi. Anataka jiko lake peke yake. Mke wangu alianza hivyohivyo.

Injinia: Hapana. «Nijibu kweli.» Mwanamke akisema nijibu kweli, jibu analo tayari. Kuna mtu amemwambia una mke mwingine huko Aligarh.

Furqan: Aligarh sijawahi hata kufika!

Injinia: Ndivyo watakavyosema wote wenye wake Aligarh.

Wakili: Au ameota. Ameshindwa kulala, sawa? Kwenye ndoto, kaona nyoka amevaa kilemba. Anataka kujua wewe ni nyoka au ni kilemba.

Furqan akaweka glasi chini.

Furqan: Mimi najua anachouliza. Mshenga aliwaambia mimi ni msimamizi wa karakana.

Tukaona aibu, maana mtaa mzima tulijua. Mshenga akisifia ndiyo kazi yake. Msugua shaba akiitwa msimamizi, fundi akiitwa mwenye kiwanda, nani atamkatalia? Ila Furqan hajawahi kusimamia mtu. Anakaa mbele ya gurudumu kuanzia alfajiri, vumbi jeusi linamrukia, jioni anatoka hapo yamebaki macho na meno.

Furqan: Nilimwambia Shangazi tuseme ukweli. Akasema utasema ukiwa na watoto wawili. Sasa kuna mtu amemwambia. «Kwenye karakana wewe ni nani.» Ndilo swali. Na nisipojibu kabla sijapanda farasi, atajua nimeogopa, ataulizwa mbele ya kadhi unakubali, atanyamaza.

Wakili: Kunyamaza kisheria ni kukubali.

Furqan: Hata kama ni kukubali, Ami! Mimi sitaki akubali hivyo.

Alivyosema hivyo, Wakili mwenyewe akaangalia chini. Injinia akavaa miwani yake yenye kioo kimoja na kuichukua simu kama daktari.

Injinia: Imekukataa mara ngapi?

Furqan: Nyingi. Inasema limebaki jaribio moja, halafu haitaangalia tena uso wa mtu.

Wakili: Mnaona? Uso! Uso wa asubuhi si uso wa jioni. Ukinenepa, umebadilika. Ukifiwa, umebadilika. Kidole hakifiwi. Angeweka kidole leo tungekuwa tunasoma.

Mimi: Kidole gani, Wakili? Mguse mwenyewe. Kuna alama hapo?

Wakili akamshika dole gumba, akaligeuzageuza juani, akaliachia.

Wakili: Angeweka cha mguu.

Injinia: Nyamaza nifikiri. Furqan, uso uliusajili lini?

Furqan: Siku niliyoipata. Palepale karakanani, wakati wa chai.

Injinia: Ulikuwa umenawa?

Furqan akajipapasa mashavu.

Injinia: Nimekuuliza, ulikuwa umenawa?

Furqan: Karakanani nani ananawa, Ami? Nilikuwa na kitambaa kichwani, masizi mpaka masikioni…

Injinia: Na masharubu.

Furqan: Na masharubu.

Injinia akasimama juu ya benchi. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya redio.

Injinia: Simu haina kosa! Simu inamjua mtu mweusi mwenye masharubu na kitambaa! Huyu mpakwa singo haijawahi kumwona! Wewe kwake ni mwizi!

Furqan: Lakini nyumbani nikishanawa ilikuwa inafunguka.

Injinia: Kwa mara moja?

Furqan: Kwa shida. Naiangalia mara mbili tatu.

Injinia: Kwa sababu sabuni yako ilikuwa inatoa ya juu tu! Ya kwenye mikunjo ilikuwa inabaki. Shangazi kaja na singo, ametoa mpaka ya utotoni. Kalamu, mpe kitambaa chako. Bhura, geuza birika.

Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipoanza. Kwetu mtu hapakwi masizi usoni hivihivi. Anayepakwa masizi ni aliyefumaniwa, aliyeaibisha ukoo, anapandishwa punda kinyumenyume na kuzungushwa mtaani watu wakipiga mabati. Tukimwambia mtu «uso wako mweusi» tumemtukana mpaka babu yake. Na huyu tulitaka tumpake siku ya ndoa yake, kisha apandishwe mnyama na kuzungushwa mtaani na tarumbeta.

Wakili: Napinga! Mkosi huo! Tofauti itakayobaki ni punda na farasi tu!

Mimi: Kila siku ya Mungu anajipaka huyo, na hakuna aliyesema mkosi.

Wakili: Ile ni kazi.

Mimi: Na hii ni nini? Unadhani anacheza?

Wakili: Kalamu, wewe ni mtu mzima. Shangazi Hamida akituona?

Bhura, ambaye huwa haongei maneno matatu, alishalinyanyua birika. Chai yote iliyokuwamo akaimwaga mferejini, chai nzuri ya iliki, akaligeuza kitako juu.

Bhura: Kijana asipoteze mke kwa ajili ya birika.

Injinia akakwangua masizi kwa kijiko. Tulikosa mafuta; Wakili, pamoja na kupinga kwake, akainamisha kichwa, akazikamua nywele zilizolowa mafuta ya haradali, tukachanganyia. Furqan akafumba macho. Mimi nikamfunga kitambaa kama wanavyofunga karakanani, fundo nyuma ya sikio, na Injinia akampaka, mashavu, paji, kidevu, masikio.

Injinia: Masharubu yalikuwa yanashuka au yanapanda?

Furqan: Yanashuka.

Wakili: Kushoto yalikuwa yanashuka zaidi. Nasema kama shahidi.

Injinia: Usicheke, Furqan. Ukicheka ramani inaharibika. Ulikuwa umenuna au umekaa kawaida?

Furqan: Nilikuwa nimechoka.

Injinia: Basi choka.

Akachoka. Sijui alifanyaje, lakini mabega yalimshuka, macho yakazama, na mbele yetu akakaa Furqan wetu wa kila siku. Huyu ndiye tunayemjua sisi. Injinia akamletea simu usoni polepole, Wakili akasoma dua kwa sauti, na simu ikafunguka hata dua haijafika nusu.

Tulipiga kelele mpaka nyundo za karakana ya jirani zikasimama. Injinia alikuwa anapiga kifua chake mwenyewe. Wakili akasema ametusaidia sana kwenye masharubu, na ni kweli, siwezi kumnyima.

Furqan hakupiga kelele. Alikuwa anasoma. Akasoma, akarudia, midomo inatembea, halafu akanipa mimi simu.

Furqan: Nisomee, Ami Kalamu. Labda nimesoma vibaya.

Nikasoma kwa sauti, na nilivyosoma ndivyo ilivyokuwa:

«Kabla hujapanda farasi nijibu hili moja, nalo nijibu kweli, maana nimeshindwa kulala. Kwenye picha zote mlizotuletea hujacheka hata moja. Na siku ile ya sharubati hukucheka. Baba yangu hacheki. Sisi nyumbani tunacheka jikoni, mlango umefungwa. Wewe unacheka? Kama unacheka nitumie picha moja, isiwe ya studio. Kama hucheki niambie tu, nitajua namna ya kukaa.»

Injinia alivua miwani. Wakili akasema kesi imebadilika, halafu hakuendelea, jambo ambalo sikumbuki kama limewahi kutokea.

Furqan: Siku ile ya sharubati nilikuwa namwogopa baba yake.

Mimi: Sisi sote tulimwogopa baba yake.

Furqan: Na studio mpiga picha aliniambia nikaze uso, nionekane msimamizi.

Injinia: Sasa si rahisi? Nawa haraka, cheka, tuma.

Furqan akainuka kwenda bombani. Akafika katikati, akasimama, akarudi.

Furqan: Nikinawa nitakuwa yule wa studio tu. Hamkuona mlivyoniuliza mimi nani?

Wakili: Mwanangu, fikiri vizuri. Ukituma hivi, kwanza umetuma uso uliopakwa masizi siku ya ndoa. Pili, umekiri kwa maandishi kwamba unasugua shaba.

Furqan: Kwa picha.

Wakili: Picha ni mbaya kuliko maandishi. Shangazi zake wakiiona? Haji Mubin akiiona? Mimi ningeshauri tuseme unajisimamia mwenyewe. Si uongo. Kila mtu anajisimamia mwenyewe.

Furqan: Ameniambia nijibu kweli, Ami.

Wakili: Ameuliza kucheka tu!

Furqan: Basi nipigeni picha nikiwa nacheka.

Nikainua simu. Akajaribu. Ee bwana, wale walioona mtu anang'olewa jino wanajua alivyocheka. Injinia akamwambia afikirie kitu cha kuchekesha, akafikiria, akazidi kutisha. Wakili akamsimulia kesi ya mbuzi, na kesi ile haijawahi kumchekesha mtu yeyote. Kutoka mwisho wa mtaa tukasikia kengele za shingoni mwa farasi. Mimi jasho lilikuwa linanitoka, kwa sababu kioo cha simu kilianza kufifia na ilibidi nikiguseguse kisizime.

Dirisha la juu la nyumba yao likafunguliwa kwa kishindo. Shangazi Hamida huyo, na kilemba cha harusi mkononi.

Shangazi: Nyie wazee msio na kazi! Farasi kafika, bwana harusi wangu simwoni! Mmemficha wapi? Na wewe msugua shaba uliyekaa hapo, miguu umekunja, simama ukamtafute!

Furqan alitazama juu, akaelekeza kidole kifuani kwake, kama anayesema, mimi?

Shangazi: Ndiyo wewe! Unanitolea macho! Mwambie Furqan aje avae, na wewe kanawe, unatia mkosi mlangoni kwangu!

Shangazi aliyemlea, aliyemsugua singo kwa mkono wake mpaka asubuhi hiyohiyo, hakumjua. Furqan akatugeukia. Akanitazama mimi, akamtazama Injinia, na kicheko kikamtoka tumboni, kile cha mtu anayeshindwa kupumua, mpaka akashika mguu wa benchi. Injinia naye akaanguka upande wa kivuli. Wakili analia machozi. Bhura kakumbatia birika tupu. Nami nikabonyeza.

Picha ilitoka imepinda kidogo, na nyuma yake inaonekana nusu ya Wakili. Katikati kuna uso mweusi, masharubu yaliyochorwa kwa kijiko, na meno yote aliyompa Mungu. Furqan aliitazama kwa muda. Kicheko kilikuwa kimemwishia.

Furqan: Akiniona hivi na asitake?

Mimi: Basi ujue leo, mwanangu, kuliko kujua ukiwa na watoto wawili.

Sikuwa na uhakika na nilichosema. Nilikisema tu kwa sababu alikuwa ananitazama. Akaandika chini ya picha: «Mimi ni msugua shaba. Hivi ndivyo ninavyotoka kazini. Nacheka.» Akatuma. Halafu akanipa simu, akakimbilia bombani kabla Shangazi hajashuka.

Tulimsaidia kunawa, maana masizi ya birika yenye haradali hayachezi. Sabuni ya kufulia, jivu, maji, tena sabuni. Shangazi alishuka, akatuona tunamsugua bwana harusi kama sufuria, na maneno aliyotuambia siwezi kuyaandika hapa. Wakili alimwambia anayo haki ya kunyamaza, akapigwa kwa kilemba. Kwa vyovyote vile Furqan akatoka safi, akavishwa koti la harusi, akafungwa kilemba. Mwenye farasi alikuwa ameshafika, mtu mmoja mpole aitwaye Harpal, wa mtaa wa stesheni, ambaye hatukuwahi kumwona kabla. Alisimama kando na farasi wake mweupe, anasikiliza.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu.

Nikaitoa. Kufuli. Na juu ya kufuli mstari umekatika: «Basi panda farasi. Na usi…»

Furqan akanipora simu, akaiweka mbele ya uso wake msafi. Ikatikisa kufuli.

Injinia: Na usichelewe. Iko wazi. Na usichelewe.

Wakili: Na usithubutu! Panda farasi na usithubutu kuja hapa!

Injinia: Mtu anakwambia panda farasi usije?

Wakili: Panda farasi uende kwingine! Hakutaja upande!

Injinia: Na usimlete mnene aliyeonekana nusu nyuma yako. Hilo ndilo jibu.

Wakili: Ingekuwa ya kidole hiyo tungekuwa tumeshasoma!

Injinia: Bhura, kwangua birika tena!

Bhura: Limeshakwanguliwa.

Harpal alikohoa kidogo, kama mtu anayeomba njia.

Harpal: Samahani wazee, mimi si wa hapa. Hiyo simu ilipokuwa wazi, mbona hamkuondoa kufuli?

Injinia akamtazama Wakili. Wakili akatafuta kifungu. Mimi niliyeishika muda wote ule, nikiigusagusa isizime, nikaona nifunge kamba ya kiatu changu, nami nilikuwa nimevaa kandambili.

Furqan hakungoja. Aliitia simu mfukoni, akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, akapanda. Shangazi akamshushia pazia la maua usoni, tarumbeta zikalia, msafara ukaanza kusogea kuelekea kwenye mabasi ya Amroha. Mimi nilikuwa natembea ubavuni mwa farasi. Tulipofika kwenye kona Shangazi alinishika mkono, akanionyesha mabega ya yule kijana yanavyotikisika chini ya maua, akaniuliza kwa wasiwasi mtoto wake analia nini siku kama hii.

Nikamwambia halii.